Mstari wa Kumi na Tisa

Dukani kwetu waliniita Kipimo. Halikuwa jina la kusifiwa, lilikuwa kazi. Gauni lolote, kabla halijatundikwa, lilipita kwanza mwilini mwangu. Nilipanda juu ya stuli nikiwa nimebaki na sidiria na sketi ya ndani, Mama Mshono akanivalisha vitambaa vilivyoshikizwa kwa pini, akanizungusha taratibu kama feni mbovu. "Vuta pumzi," angesema. "Toa. Hapo kwapani pananipinga." Duka ni lake. Jina la Mama Mshono alipewa na wateja, na amelipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Aliwahi kuniambia kwamba Mungu alinikata vizuri, hakuacha cha kurekebisha.

Alisema hivyo kabla sijabeba mimba.

Tulikuwa watatu mle ndani. Wa tatu ni Mvuke, mpiga pasi, mwanamke mwembamba mwenye mdomo mrefu kuliko waya wa pasi yake. Nilipowaambia nina miezi mitatu, Mvuke alipiga kigelegele, mimi nikamtazama Mama Mshono nikisubiri anune. Hakununa. Alijitundika futi shingoni, akanikagua toka juu hadi chini, akasema, "Wajawazito wa mji huu wanavaa magunia. Sisi tutawavalisha."

Hapo ndipo wazo la sanamu lilipozaliwa. Tulikuwa na sanamu moja la kupimia nguo, halina kichwa wala mikono, kifua cha mbao kilichofunikwa kitambaa, nalo lilikuwa na vipimo vyangu vilevile. Kila Jumatatu, kabla ya kufungua mlango, Mama Mshono alinipima tumbo. Kisha tukaliongezea sanamu tabaka moja la pamba, juu yake kipande cha kitambaa cha marekani, tukashona pembeni kuzunguka. Kwenye marekani niliandika kwa penseli tarehe na wiki ya mimba. Nikivimba, na lenyewe linavimba. Magauni ya wajawazito yakakatwa juu yake, yakatundikwa dirishani, yakaanza kutoka.

"Una pacha asiye na kichwa," Mvuke aliniambia.

"Bora yeye. Hatapiki."

"Wala hana mama mkwe."

Mstari wa kwanza niliuona wiki ya ishirini na sita, chini ya kitovu, upande wa kushoto. Nilidhani uzi wa zambarau umenigandia. Nyuzi hutugandia kila mahali, sisi. Nikajaribu kuubandua kwa kucha. Haukubanduka. Ilikuwa ngozi.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa imeshakuwa minne, na Mvuke ndiye aliyeiona kwanza.

"Mama, njoo! Kitambaa kimeanza kuchanika!"

Mama Mshono alivaa miwani yake, akainama, akapitisha kidole. "Hakijachanika. Kimevutika. Kitambaa kikivutwa kupita kiasi, nyuzi za ndani ndizo zinazoachia kwanza. Juu panabaki pazima."

"Kinarudi?" niliuliza.

"Pamba hurudi ukiifua. Hariri hairudi."

"Na mimi ni kipi?"

"Wewe ni mkaidi. Geuka."

Mvuke alichukua chaki akaliendea sanamu. Akalichorea mistari tumboni, mirefu, imepinda kama mizizi, kisha akarudi nyuma akishika kiuno kama mchoraji. "Haya sasa. Pacha kamili." Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaenda chooni, nikafungua bomba ili sauti isinisaliti, nikalia.

Naliandika hili bila kulipaka sukari: nililia kwa ajili ya ngozi. Mtoto alikuwa mzima, anapiga mateke mpaka futi inaruka, na mama yake yuko chooni analilia ngozi.

Nikaanza vita. Asubuhi mafuta ya nazi, jioni siagi ya kakao, na siku za Jumapili kitu fulani cha kijani ambacho muuza vipodozi aliniapia kwa jina la marehemu baba yake. Shuka zetu zikanata. Kliniki, nesi alinisikiliza huku akijaza kadi yangu, akasema bila kuinua kichwa, "Mafuta yatakupunguzia kuwasha, basi. Hakuna yanayozuia michirizi. Inategemea ngozi uliyorithi na kasi ya tumbo. Ukishajifungua itafifia, ipe mwaka. Itabaki myeupe myeupe, lakini itabaki. Mama yako anayo?"

"Sijui. Hajawahi kunionyesha."

"Hakuna anayeonyesha," alisema nesi, akaita mwingine.

Asiyeiogopa michirizi alikuwa mume wangu. Yeye ni fundi wa vigae. Jioni anarudi na magoti meupe kwa vumbi, na kabla ya kuoga alikuwa anapiga magoti hayohayo mbele yangu, ananifunua tumbo, anahesabu kwa kidole. Mafundi wa vigae hawawezi kuona mistari bila kuihesabu.

"Nyufa kumi na mbili, mke wangu. Subiri nikachanganye saruji nyeupe nizibe."

Nilimpiga na ndara. Wiki iliyofuata alihesabu kumi na tano, kisha kumi na nane. Siku moja alinizungusha, akagusa nyuma, karibu na nyonga ya kulia, mahali nisipoweza kupaona.

"Na huu hapa. Kumi na tisa. Mfupi, umejikunja, umejitenga na wenzake. Huu umenirithi mimi, una haya."

"Acha uongo."

"Lete kioo basi."

Sikuleta kioo. Nilisema kumi na minane inanitosha.

Jumatatu tulishona tabaka la wiki ya thelathini na saba. Tulichelewa kufungua duka, nikashona harakaharaka, mishono mirefu. Jumatano nilisikia kimya. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hapo: kuna kimya cha nyumba iliyolala, na kuna kimya cha nyumba iliyohamwa. Alhamisi daktari alipitisha mashine tumboni, akaipitisha tena, akaizima. Ijumaa nilijifungua kwa uchungu uleule wanaojifungulia wengine. Alikuwa msichana.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa nami chumbani hospitalini. Ni mwanamke mwenye mikono mizuri, mikono inayojua kazi, na siku ile ilifanya kila kitu. Alimpokea, akamfunga, akaniinamia. "Usimtazame, mwanangu. Ukimtazama hutamsahau."

Hakunishika kichwa. Hakunifumba macho. Mimi mwenyewe niligeuza uso ukutani. Ukuta ule ulikuwa na kigae kimoja kilichopasuka, mpaka leo naweza kukuchorea.

Niliporudi nyumbani, nyumba ilikuwa imepigwa deki. Beseni jipya la kumwogeshea mtoto halipo. Nguo ndogo hazipo, wala shuka, wala pini za nepi. Hata zile chupa zangu za mafuta zilikuwa zimetupwa. Walinifanyia kwa wema, nalijua hilo. Hakuna aliyetaja kitu. Mume wangu alirudi kazini siku ya tatu, akawa anaoga kabla ya kuingia chumbani, analala akitazama dirisha. Kimya kilipangwa kama zamu: kila mtu alijua saa yake na hakuna aliyekosa.

Baada ya wiki saba nilirudi dukani. Sanamu lilikuwa kwenye kona, limefunikwa shuka. Shuka lile halikusaidia kitu, tumbo lilionekana kama mtu anayejificha nyuma ya pazia huku miguu iko nje. Hakuna aliyelitaja. Mvuke, ambaye hajawahi kunyamaza hata akipiga pasi hariri, alinipa kiti na kusema tu, "Umepungua."

"Ndivyo inavyotakiwa, au sio?" nilimjibu, na Mama Mshono akaniita juu ya stuli.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mchangamfu, mwenye sauti ya darasani. Nilipomvalia gauni lake aone linavyoanguka, blauzi ya ndani ikapanda, naye akaiona ile mistari. Uso wake ukang'aa.

"Hongera, dada! Wa kwanza?"

"Ndiyo."

"Mvulana au msichana?"

"Msichana."

"Jamani! Na umemwacha na nani?"

Nyuma yake Mama Mshono alisimama na pini mdomoni. Pasi ya Mvuke ilitulia. Na mimi nikasema, kirahisi kabisa, kama mtu anayetaja bei ya kitambaa, "Kwa bibi yake."

Uongo ule ulinitosha siku tano. Siku ya sita mwalimu akaja kuchukua gauni, akaniletea soksi. Jozi moja, nyeupe, ndogo kama vidole gumba, zimefungwa utepe. "Nimezifuma mwenyewe. Nataka siku moja uje naye nimbebe." Nilimshukuru. Alipotoka, Mvuke alizichukua soksi mkononi mwangu, akaziweka kwenye droo ya vifungo na kuifunga.

Mama Mshono alinivuta nyuma ya pazia. "Sikiliza. Nakupenda, unajua. Lakini tumbo lako linaongea kabla yako. Vaa shimizi unapopimisha. Na utafute dawa ya hiyo mistari. Wateja wanakuja kufurahi hapa."

Jioni hiyohiyo mama mkwe alikuja na kikopo kidogo kisicho na maandishi ubavuni. Sijui kama walikuwa wameongea. Wakubwa hawahitaji kuongea.

"Mwezi mmoja tu," alisema. "Asubuhi na jioni. Tumbo litarudi la binti. Kisibaki cha kukukumbusha, mwanangu."

"Nesi alisema haifutiki."

"Nesi amezaa wangapi?"

Nikapaka, tumbo lote mpaka nyongani. Sikupaka kwa kulazimishwa, nilipaka kwa njaa. Sikutaka kuulizwa tena. Dawa iliwasha, kisha ikaunguza, kisha ngozi ikaanza kung'aa, nyembamba kama karatasi ya kunakilia ruwaza. Mistari ya mbele ilipauka. Mmoja wa chini ukayeyuka kabisa. Nilisimama mbele ya kioo nikajipongeza kama mtu aliyetoa doa gumu kwenye nguo ya mteja.

Ilikuwa Jumapili, mchana wa joto. Nilikuwa nimeinama kwenye beseni nakamua nguo, blauzi imenipanda mgongoni. Mume wangu alikuwa nyuma yangu kwenye kizingiti cha mlango, anakwangua saruji iliyokauka kwenye mwiko wake. Sauti ya kukwangua ikakatika.

"Uko wapi?"

"Nani?"

"Ule mstari. Wa nyonga. Wa kumi na tisa."

Niliendelea kukamua. "Sijui. Dawa ya mama yako inafanya kazi. Si vizuri?"

Nilipogeuka alikuwa ameuweka mwiko chini na kidole chake kilikuwa kinachora hewani, kipande kidogo kilichojikunja mwishoni. Alikichora mara mbili.

"Ulikuwa hivi," alisema. "Nyusi zake zilikuwa hivi."

"Nyusi za nani?"

Ni swali la kijinga, lakini nililiuliza, na maji yananidondoka viganjani.

"Nilimwona," alisema. "Mama alinikataza nisikwambie. Kabla hatujamfukia nilimfunua uso. Kidogo tu."

Nilikaa chini pale pale, sakafuni, kwenye vigae alivyovipanga yeye mwenyewe mwaka tuliooana.

"Ana nyusi?" Nilisikia nimesema *ana*, kama tunamwongelea mtu aliye chumba cha pili. Hakunisahihisha.

"Nyembamba. Zimejikunja mwishoni. Na nywele nyingi, zimelalia upande mmoja kama za mtu aliyetoka usingizini. Na kucha. Zilikuwa ndefu, zilitaka kukatwa."

"Alifanana na nani?"

"Na wewe ukinuna."

Tulicheka. Kicheko kifupi, kibaya, kama cha watu waliojikwaa pamoja. Kisha kikaisha na hatukujua tufanye nini na nyuso zetu.

"Mbona hukuniambia?"

"Mama alisema uligeukia ukuta. Nikajua hutaki."

"Nilipoona umenyamaza, mimi nilijua wewe ndiye usiyetaka."

Aliokota mwiko akaanza tena kukwangua, ingawa ulikuwa umeshatakata. Mimi nikaingia chumbani, nikachukua kioo cha mkono, nikasimama nimekipa mgongo kioo cha kabati, nikautafuta. Niligeuka huku na huku, nikavuta ngozi, nikasogea dirishani kwenye mwanga. Palikuwa pamelainika, panang'aa. Nilikuwa nimefuta mstari ambao sikuwahi kuuona.

Mama mkwe alikuja kesho yake jioni na mfuko wa matunda. Nilimpa kikopo kabla hajakaa.

"Kimeisha?"

"Kimebaki nusu."

"Basi kimalize. Dawa haikatishwi njiani."

"Mama, ulimvika nini?"

Alikuwa anatoa matunda mfukoni, moja moja, anayapanga mezani. Alipanga mpaka la mwisho, akakunja mfuko mara mbili, mara nne.

"Ile fulana ya njano," alisema.

"Niliyoishona mimi?"

"Hiyohiyo."

"Ilimtosha?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Nadhani alitegemea nimuulize mengine, nimlaumu. Lakini mimi ni fundi, na hilo ndilo nililotaka kujua.

"Mwilini ilimkaa," alisema. "Mikono ilikuwa mirefu. Niliikunja."

"Mara moja au mara mbili?"

"Mara mbili."

Nilikuwa nimeacha upindo mkubwa ili aivae mpaka mwezi wa tatu. Sikumwambia hilo.

"Na mimi nilifichwa wangu," alisema ghafla, akiutazama ule mfuko uliokunjwa. "Wa kabla ya mumeo. Wakaniambia nisitazame. Sikutazama. Na niliweza."

"Uliweza nini, mama?"

Alichukua kikopo chake na mfuko wake mtupu, akaaga, akaondoka kabla chai haijachemka.

Jumatatu iliyofuata nilipofika dukani, Mama Mshono alikuwa ameshalifunua sanamu. Alisimama kati yangu na lenyewe, lakini yeye ni mfupi.

"Kuna bibi harusi anakuja. Gauni lake ni la kubana, la hariri. Nalihitaji sanamu liwe jembamba. Nitamwambia Mvuke alifumue, wewe kaa mbele."

"Nitalifumua mimi."

"Si lazima."

"Nani alishona? Aliyeshona ndiye anayefumua."

Ndiyo desturi ya duka letu, aliiweka yeye mwenyewe, akanipisha.

Nilivuta stuli nikakaa uso kwa uso na tumbo langu. Nilianza na wiki ya thelathini na saba, mishono mirefu ya haraka, ilitoka kwa kuvutwa tu. Thelathini na sita. Thelathini na tano, tarehe imefutika nusu kwa jasho la mkono. Pamba ilitoka imelala, imeshika umbo la tabaka la chini yake. Tabaka la thelathini na moja lilikuwa limeshonwa vibaya upande mmoja, siku ile mtoto alipiga teke sindano ikanichoma. Ishirini na saba: chini yake, kwenye marekani ya ishirini na sita, mistari ya chaki ya Mvuke ilikuwa bado ipo, imehifadhika, myeupe. Nikahesabu. Alichora tisa.

Mvuke alikuja akasimama nyuma yangu na pasi mkononi, haina moto. "Nilikuwa natania," alisema.

"Najua."

"Sikujua kuwa..."

"Najua, Mvuke."

Nilifumua mpaka wiki ya kumi na mbili, mpaka likabaki jembamba, vipimo vyangu vya zamani, Kipimo mwenyewe. Pamba ilijaza karai. Mama Mshono akaichukua, maana dukani kwake hakitupwi kitu, hata vumbi la mkasi analifagia kwa kulitazama mara mbili. Nilimwona akiibeba. Sikuomba. Ningeomba nini, na kwa maneno gani?

Bibi harusi alifika saa nne, binti mzuri, mwoga, anacheka kila baada ya maneno matatu. Nikapanda stuli nimpimishie. Hariri ile ikawa inanasa kwenye shimizi, inavuta, mshono wa ubavuni haukai.

"Vua shimizi," alisema Mama Mshono kwa sauti ya chini.

Nikavua. Kumi na saba iliyobaki ilikuwa wazi, imepauka, lakini ipo.

"Eh, dada! Hongera!" alisema bibi harusi, akaziba mdomo kwa furaha. "Kumbe una mtoto! Ana miezi mingapi?"

Mama Mshono alinikazia macho. Nilijua jibu. Lilikuwa kinywani, limeiva: yuko kwa bibi yake, ana miezi mitatu, analia sana usiku.

"Alifika wiki thelathini na saba," nilisema. "Alizaliwa ameshakufa. Alikuwa na nywele nyingi zimelalia upande mmoja, na nyusi zimejikunja. Kucha zake zilitaka kukatwa."

Binti yule hakucheka. Alisema "pole" mara nyingi, nyingi mno, na kila aliposema alirudi nyuma hatua moja, mpaka akagusa pazia. Macho yake hayakuwa kwangu tena. Yalikuwa kwenye gauni.

Kesho yake alikuja na shangazi yake. Shangazi ndiye aliyeongea. Si kwa ubaya, alisema, wala hawana imani za ajabu. Ila ni harusi. Wangependa gauni lisipimwe tena kwa yule dada.

Walipotoka Mama Mshono alifunga mlango.

"Ungesema yupo! Neno moja! Ungepungukiwa nini?"

"Hayupo."

"Najua hayupo! Nani hapa hajui hayupo?" Alishika paji la uso, akashusha sauti. "Utashona nyuma, pamoja na Mvuke. Mshahara wa ufundi ni uleule. Kupimisha nitatumia sanamu. Lina vipimo vyako."

"Vya zamani."

"Vya zamani," alikubali, na hakuwa na ukali tena. Alionekana amechoka tu.

Basi nimekaa nyuma. Hakuna dirisha, kuna joto la pasi, na cherehani yangu imeelekea ukuta. Nyumbani tunaongea zaidi kuliko zamani, si sana. Mume wangu bado anahesabu. Anaanzia kushoto, anafika kumi na saba, mkono wake unaendelea mpaka nyonga ya kulia na kupumzika hapo, mahali pasipo na kitu. Siku nyingine namwachia, siku nyingine namwondoa mkono. Mistari inafifia hata bila dawa, kama nesi alivyosema. Kila wiki inakuwa myeupe zaidi. Siwezi kuizuia isiondoke, kama nilivyoshindwa kuizuia isije.

Ijumaa iliyopita Mama Mshono alipita akitugawia vijito vipya, mito midogo ya kuchomekea pini, amevishona mwenyewe kwa mabaki ya hariri, vimejaa, laini. Aliniwekea changu pembeni ya cherehani bila kunitazama. Nilikibonyeza kwa kidole. Pamba ile naijua.

Mvuke anacho chake, kina pini thelathini tayari. Changu ni kitupu. Pini zangu nazishika kwa meno, kama nilivyokuwa nafanya nilipokuwa mwanafunzi.

"Utakuja kuzimeza wewe," Mvuke ananiambia kila siku. "Kijito hicho hapo, kinakungoja nini?"

Mdomo umejaa.